Kanga Uliyoitundika Zizini

Mwanangu Minza,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekula viazi, ukalalamika kwamba uji una moshi, kisha ukaondoka na shangazi yako kwenda Songwa kuwaaga ndugu. Hali yangu nayo unaijua, maana tangu juzi unanitazama kwa jicho la mtu anayemchunguza ng'ombe aliyekataa majani. Kwa hiyo hayo tuyaruke.

Nimekaa kwenye kigogo karibu na mlango wa zizi, na sanduku lako la bati nimelifanya meza. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kukiandika, Kisukuma mimi ni cha mdomoni tu. Na naandika badala ya kusema kwa sababu kesho lori likija nitakuwa nakamua, nawe unajua kwamba nikikamua siongei na binadamu. Watu watacheka. Kolandoto unakokwenda kusoma ni hapo tu, mwenye baiskeli akitoka asubuhi anakula chakula cha mchana huko, na mimi namwandikia mtoto barua ndefu utadhani anakwenda Ulaya. Waache wacheke.

Sitakuambia uamke mapema, wala uwatii wakubwa, wala uwaogope vijana wenye baiskeli mpya. Shangazi yako Nkwimba ameyasema hayo tangu mavuno, na yaliyobaki atayasema leo akikufungia michembe, viazi vikavu vya njiani. Mimi nataka tuzungumze habari ya kanga.

Nimeikuta asubuhi baada ya ninyi kuondoka. Ile nyekundu iliyopauka, unayojifunga ukienda kukamua. Umeitundika kwenye nguzo ya mlango wa zizi, umeikunja vizuri, na hukuifua. Hukuniambia neno, lakini mimi ni mtu wa ng'ombe, nikaelewa. Unataka kuanzia kesho nijifunge kanga yako, ili ng'ombe wako Kalunde anuse harufu yako, adhani ni wewe, ateremshe maziwa. Kwanza nilicheka. Nilijiona nilivyo, na ndevu zangu, nimejifunga kanga kiunoni na majirani wanapita njiani kwenda kisimani. Kisha nikakaa kwenye kigogo hiki, na kicheko kikaniisha.

Ngoja nikueleze kwa nini.

Ujanja huo naujua kuliko watu wengi. Ng'ombe wetu wa huku hawateremshi maziwa bila ndama. Ndama anyonye kwanza, mama amnuse, moyo wake ulainike, ndipo mkono wa mtu upate chochote. Ndama akifa, ng'ombe anabana, anaweza kukauka kabisa. Ndiyo maana babu yako alinifundisha kumchuna ndama aliyekufa, kukausha ngozi yake, kuijaza majani makavu na kuipaka chumvi. Unaisimamisha mbele ya mama yake, yeye anailamba, na huku nyuma wewe unakamua. Nilikuwa fundi wa kazi hiyo. Walikuwa wananiita kutoka vijiji vya mbali, na mimi nilikwenda nikijiona mganga. Sikuwahi hata siku moja kuzunguka mbele nikatazama uso wa ng'ombe anayelamba. Nilikuwa nyuma na kibuyu changu.

Mama yako alipotutoka, ukiwa bado mdogo, nyumba ilinishinda. Nilikuacha kwa shangazi yako nikaenda kuomba kazi kwa yule Mgiriki mwenye shamba la maziwa njia ya Mwadui, aliyekuwa anawauzia maziwa watu wa mgodini. Shangazi yako alisema ninakimbia. Nilimjibu kwamba ninatafuta kodi. Tulikuwa tunasema kweli wote wawili.

Huko nilikuta jambo sijawahi kuliona. Ndama waliondolewa kwa mama zao mapema, wakanyweshwa kwenye ndoo, na ng'ombe wakakamuliwa bila ndama na bila ngozi. Nilidhani ni uchawi. Kumbe ni mazoea. Kila mkamuaji alipewa ng'ombe wake, hao hao kila siku, na ng'ombe alizoea mkono wa mtu wake kama anavyozoea mdomo wa ndama. Kulikuwa na rafiki yangu Saidi, mtu wa Tabora, aliyewaimbia wake kaswida kwa sauti ya chini. Mimi niliwaimbia wangu nyimbo zetu za kulima. Ng'ombe wa Saidi hawakunitaka, na wangu hawakumtaka yeye. Mmoja wangu alikuwa na kibati chenye namba sikioni, lakini mimi nilimwita Bibi, kwa sababu usipomwamkia hateremshi kitu. Saidi alikuwa akinisikia asubuhi nikisema, "Shikamoo Bibi," anacheka mpaka anamwaga maziwa.

Mwanangu, nilikuwa na huzuni nyingi siku zile, na nadhani kilichonishikilia ni shavu langu kwenye ubavu wa Bibi, lilivyokuwa na joto, na tumbo lake likinguruma. Hilo sijawahi kulisema kwa mtu.

Kisha ikaja mashine. Ililetwa na lori kutoka stesheni, injini na bomba refu na ndoo zenye mifuniko, na vikombe vyenye mpira ndani vinavyovuta na kuachia, kuvuta na kuachia. Wakamuaji wengi wakaambiwa waende makwao. Saidi alikwenda. Mimi nilibakizwa kwa sababu niliweza kusoma kile kibao cha injini, nikapewa ovaroli, na nikaivaa nilipokuja kukusalimia ili kijiji kizima kinione. Unakumbuka nilivyotembea? Shangazi yako anakumbuka, kwa sababu bado ananiigiza.

Nikuambie kweli kuhusu ile mashine, maana watu wakinisikia wanadhani naichukia. Mashine haikuwa na kucha ndefu. Haikuamka na pombe kichwani, haikumpiga ng'ombe teke kwa sababu imegombana na mkewe. Chuchu zilizokuwa na vidonda zilipona. Siku za kwanza ng'ombe waliruka na kupiga mateke, na mimi moyoni nilifurahi, nikasema sasa watajua thamani yangu. Wapi. Mwezi haukwisha, injini ikianza kunguruma tu wanakuja wenyewe, wanajipanga, maziwa yanaanza kudondoka kabla hata hujawagusa. Bibi naye. Nilimwambia shikamoo, hakunigeukia hata sikio. Alikuwa anasikiliza injini. Niliona wivu wa mashine, Minza, nikaumia kama mwanamume aliyeachwa.

Basi na mimi nikaacha kumwamkia. Hapo ndipo nilipokosea. Mashine haikunikataza kusema shikamoo, nilinuna mwenyewe. Zamani vidole vyangu vilijua ni upande gani wa kiwele una joto na ni chuchu gani imekuwa ngumu, hata kabla ng'ombe mwenyewe hajaonyesha maumivu. Sasa nilimgusa kwa haraka tu, nivike vikombe, nipite kwa mwingine. Bibi alipougua kiwele, nilikuja kujua pale nilipoona nyuzi nyuzi za maziwa mabovu kwenye kitambaa cha kuchujia. Upande mmoja ulikuwa umeshaharibika. Nilikuwa nampita kila siku, asubuhi na jioni, na sikumwona.

Hadithi ya siku injini ilipokufa umeisikia mara nyingi, kwa sababu ndiyo ninayowachekesha nayo wageni. Ng'ombe wamesimama viwele vimejaa, wanalia, fundi yuko Shinyanga mjini, na mimi nimerudi kwenye kigoda changu cha zamani na vidole vilivyosahau kazi. Bibi ananipiga teke. Ndipo likanijia wazo la kuigiza injini kwa mdomo. Tu-tu-tu-tu-tu. Wenzangu wanagaragara kwa kicheko, na Bibi akateremsha. Nikapuliza mpaka midomo ikafa ganzi, tukawamaliza wote hivyo hivyo. Huwa naishia hapo, wageni wanacheka, wewe unaniongezea chai. Nisilowaambia ni kwamba nilipokuwa natutumua mashavu yangu pale chini nilimkumbuka babu yako na ile ngozi. Safari hii ngozi iliyojazwa majani nilikuwa mimi, na yule aliyekuwa akinijua kwa sauti yangu alikuwa ananilamba kwa kudhani ni injini. Nilimaliza mwezi huo, nikaaga, nikarudi nyumbani.

Nilikukuta umekuwa mrefu, na unakamua. Watu walikuwa wanacheka kwamba nyumba haina mvulana mpaka msichana anaingia zizini, nawe ulikuwa hujali. Kalunde wetu, na rangi yake ya wingu la mvua, alikuwa ameshakuwa wako. Mimi nikaja na ovaroli na maarifa. Nikamfunga ndama mbali, nikamshika Kalunde harakaharaka, kimya, kama tulivyokuwa tunafanya shambani. Ndoo ilikwenda upande wake, na mimi upande wangu. Nikiwa bado chini nilikusikia ukiuliza, "Baba, mbona humsalimii?"

Nilikasirika siku ile. Nilikuambia ukachote maji. Ukweli ni kwamba ulinipata pabaya, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kukusimulia habari za Bibi.

Halafu masika haya ndama wa Kalunde akafa. Nilifanya nilichofundishwa, nikachuna, nikakausha, nikajaza majani, nikapaka chumvi. Nilikuwa nakusaidia, au nilidhani hivyo. Kalunde alilamba siku ya kwanza, akateremsha. Siku ya pili nikakuta ngozi haipo. Ulikuwa umeibeba ukaizika nyuma ya ua wa minyaa. Nilipokuja juu ulinijibu kwa upole kabisa.

"Anajua, Baba. Anailamba, lakini anajua."

"Ng'wanone, mwanangu, akibana tutakunywa nini?"

"Tutakunywa maji. Mwache alie kwanza."

Akalia kweli. Kijiji kizima kilimsikia. Ukawa unakwenda jioni kusimama naye, hukamui, umeweka tu mkono mgongoni mwake, unamsemesha. Tulikunywa chai kavu mpaka shangazi yako akaanza kutusema kwa majirani. Kisha jioni moja ukarudi na kibuyu, hakijajaa, ukakiweka mbele yangu. Kalunde alikuwa ameteremsha kwa ajili yako, bila ndama, bila ngozi, bila injini. Niliyanywa yale maziwa nikiwa nimeinamisha uso, nawe ulidhani ni moshi.

Sasa nifike nilipokuwa naogopa kufika. Nilijua kwa nini uliizika ile ngozi. Nilijua pale pale uliposema "anajua."

Mama yako alipougua tulimbeba hadi hospitali ya Kolandoto. Walifanya kila walichoweza, walimhudumia kwa mikono mizuri, nami namshukuru kila aliyemgusa. Alifia huko. Nilirudi na kanga yake ndani ya mfuko, nikakukuta kwa shangazi yako umekataa maziwa, umekataa uji, unamwita mama yako, Mayu, Mayu, na mbavu zimeanza kuhesabika. Angekuwa baba mwingine angemweka mtoto mapajani akamwambia. Mimi nilifanya kile nilichokuwa fundi wake. Nilimpa shangazi yako ile kanga ajifunge, nikamwambia akubebe mgongoni, usimwone uso. Nikakuambia, "Mayu amerudi. Fumba macho unywe."

Ukanywa. Nilifurahi sana. Nilitoka nje nikajipongeza.

Tuliendelea hivyo kwa siku kadhaa, hadi asubuhi moja ukiwa mgongoni ulinyoosha mkono wako mdogo, ukamshika shangazi shavu, ukamgeuza. Ukamtazama. Kisha ukanitazama mimi. Hukulia, na laiti ungelia. Tangu siku hiyo ulikula kila ulichopewa, lakini kila nilichokuambia ulikichungulia kwanza. Nikisema mvua inakuja, unatoka nje kutazama mbingu. Nikisema chai ina sukari, unaonja kwa ncha ya ulimi. Watu wanasema Minza ana akili, hapokei neno hivi hivi. Mimi najua ulijifunzia wapi.

Kwa hiyo nilipoikuta kanga yako kwenye nguzo leo, mwanangu, nilijua kwamba umenihurumia. Wewe uliyezika ngozi ya ndama umekubali kumdanganya Kalunde, ili mimi tu nisikose maziwa. Juzi uliniuliza, "Baba, utaweza?" nami nikajibu, "Nitaweza, wala usiwe na wasiwasi." Yale yalikuwa majani makavu. Sasa nakujibu sawasawa.

Sitaweza vizuri. Kalunde atanibana, na tutakunywa chai kavu tena. Nitagombana na shangazi yako kwa vitu vya kijinga. Nitakuita jina jioni kwa mazoea, na hakuna atakayeitika. Njia ya Kolandoto siipendi, tangu nilipoirudia peke yangu, na mahali pa kwenda kusomea uuguzi ningekuchagulia popote pengine duniani. Jana nilifikiri hata kujifanya mgonjwa. Nilianza kukohoa mezani, ulisikia, hadi shangazi yako aliponitolea macho, nikanyamaza. Ndivyo ninavyokupenda, kwa ujanja ujanja, na ninajaribu kuacha.

Nenda. Nataka uende. Hilo nalo unaweza kulichungulia kadiri utakavyo, utakuta ni kweli. Nilipokuwa nimekaa nje ya ile wodi, kulikuwa na dada mmoja muuguzi aliyekuja kunieleza habari ya mama yako. Hakuzunguka. Alikaa kwanza chini pamoja nami, akanisalimia, akaniuliza kwetu ni wapi, kisha akaniambia. Sikumbuki maneno yake, ila nakumbuka kwamba hakuondoka upesi. Ukiwa vile mimi nitatosheka. Watakufundisha vyombo vyao, vitumie bila kununa kama nilivyonuna mimi, vinasaidia. Mgonjwa msalimie tu kabla hujamfunga chochote.

Kanga yako nimeiweka humu ndani ya sanduku, iko chini ya barua hii. Sikuifua, utaifua mwenyewe huko, na asubuhi za Kolandoto kuna ubaridi. Mimi sitaivaa. Kesho nitaingia kwa Kalunde na shati langu na harufu yangu ya tumbaku. Nitamwambia shikamoo. Kisha nitamwambia kwamba Minza ameondoka, hatarudi kwa muda, na aliyebaki ni mimi. Akitaka kulia nitaweka mkono mgongoni mwake, tulie wote, maziwa yatakuja siku yake.

Kwa hiyo lori likipiga honi, usiingie zizini kuniaga. Akisikia sauti yako atateremsha, na kesho kutwa itatubidi tuanze upya. Pita polepole nje ya ua, pale kwenye pengo la minyaa. Yeye atakuwa amenigeuzia kisogo. Mimi nitakuwa natazama kwenye pengo.

Ni mimi,
Baba Minza